Bailey Alipokalia Kiti cha Webber: Majibu kwa Wasomaji

Makala yetu fupi ya toleo lililopita kuhusu tamthilia ya Grey's Anatomy imeleta barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zimegusa jambo moja, yaani mabadiliko ya mkuu wa upasuaji, pale Dakta Miranda Bailey alipokalia kiti alichowahi kukikalia mwalimu wake, Dakta Richard Webber, katika hospitali ya kubuni ya mjini Seattle ambayo tamthilia hiyo imekuwa ikituonyesha tangu ilipoanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 27 Machi 2005. Wapo waliofurahi, wapo waliokasirika, na yupo mmoja aliyeacha kabisa kuitazama kwa miaka miwili. Nimechagua barua tano. Msomaji ambaye hajafika msimu wa 19 ajue kwamba majibu haya yanataja mambo ya huko mbele.

Shikamoo Mhariri. Nilimpenda Dakta Bailey tangu msimu wa kwanza na nilingoja kwa hamu siku atakayokuwa mkuu. Alipoupata ukuu nikaanza kumchukia, hasa pale alipomwondoa Mzee Webber kwenye kazi ya kufundisha na kumsimamisha Meredith. Mume wangu anasema waandishi wamemharibu mhusika huyu. Je, aliyebadilika ni yeye au ni mimi? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Swali lako ndilo kiini cha barua nyingine zote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kumbuka tulivyomkuta Miranda Bailey mwaka 2005. Alikabidhiwa madaktari watano waliokuwa wanaanza mafunzo, yaani Meredith Grey, Cristina Yang, Izzie Stevens, George O'Malley na Alex Karev, na jambo la kwanza alilowafanyia lilikuwa kuwasomea kanuni zake tano huku akitembea mbele yao kwa kasi, pasipo kugeuka kuona kama wanamfuata. Kanuni ya kwanza iliwakataza kujipendekeza kwake. Chandra Wilson aliicheza nafasi hiyo kwa ukali ambao tuliupokea kwa furaha, kwa sababu wakati ule wale vijana watano walikuwa wageni kwetu kama walivyokuwa wageni kwake, na sisi tulisimama upande wa mwalimu tukiwatazama wanafunzi wakihangaika. Kisha miaka ikapita, tukawazoea wale vijana, tukalia nao misibani na kushangilia ndoa zao. Bailey alipotangazwa kuwa mkuu mwanzoni mwa msimu wa 12, mwezi Septemba mwaka 2015, ukali wake ulikuwa uleule, lakini safari hii uliwaangukia watu ambao sisi tayari tulikuwa tumewafanya ndugu zetu. Kwa hiyo jibu langu, kwa heshima zote kwako na kwa mumeo, ni kwamba yeye alibaki palepale na sisi ndio tuliohamia upande wa pili wa meza.

Lipo pia suala la kungoja. Bailey alinyimwa ukuu wa madaktari waliomo mafunzoni mwishoni mwa msimu wa tatu, nafasi ikaenda kwa Callie Torres kabla ya kumrudia yeye baadaye, na ilipofika zamu ya kugombea ukuu wa upasuaji, Catherine Avery wa bodi ya hospitali alimletea mshindani kutoka nje ya hospitali, Dakta Tracy McConnell, wakati ambapo watazamaji wengi waliamini kwamba kiti kile kilikuwa chake bila mjadala. Mtu akingojewa kwa miaka kumi, wanaomngojea hujenga picha ya siku atakayofika, na hakuna binadamu anayeweza kufanana na picha hiyo. Sisi tulijenga picha ya Bailey mwenye cheo ambaye angewalinda wapenzi wetu wote. Cheo chenyewe hakikumruhusu.

Angalia alivyoanza kukitumia. Katika msimu wake wa kwanza akiwa mkuu, mumewe, Ben Warren, ambaye naye alikuwa daktari mwanafunzi katika hospitali hiyohiyo, alimpasua mama mjamzito nje ya chumba cha upasuaji wakati hospitali ilipokuwa imefungwa kwa sababu za usalama, na mwishowe mama na mtoto wote wawili wakafariki. Mwanamke huyu aliyemlaza mumewe kifuani usiku uliotangulia alilazimika kesho yake kumwita kama mtumishi, akamsikiliza kama mtumishi, kisha akamsimamisha kazi kwa miezi 6. Wakati wa kutazama nilimhurumia Ben, na bado namhurumia, lakini kila nikiirudia sehemu ile naona kwamba mkuu aliyempunguzia mumewe adhabu asingeweza tena kumwadhibu daktari mwingine yeyote katika jengo lile.

Sasa nije kwenye jambo linalokuumiza. Katika msimu wa 13 Bailey alimwajiri Dakta Eliza Minnick abadilishe mfumo wa kuwafundisha madaktari wanaosomea ubingwa, na kwa uamuzi huo Richard Webber akapoteza kazi aliyoipenda kuliko zote. Madaktari bingwa waligoma kwa namna yao, Meredith alikataa kumpokea Minnick katika chumba chake cha upasuaji, na Bailey akamsimamisha, huku nafasi ya Meredith ikishikiliwa kwa muda na daktari mwenzake, April Kepner. Hapa ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Sina ugomvi na mkuu anayetaka mafunzo yabadilike, kwa kuwa hilo ni jukumu lake, lakini mtu aliyekulea kikazi, aliyekufundisha kushika kisu, anastahili kuitwa ofisini, akaketishwa, akaelezwa uso kwa uso kabla wengine hawajajua. Bailey hakumpa Webber heshima hiyo, na uso wa James Pickens Jr., anayemwigiza Webber, katika zile sehemu, akipita kwenye korido ambayo zamani kila mtu alimpisha, ulinifanya nami nizime runinga kwa muda. Baadaye Bailey mwenyewe ndiye aliyemfukuza Minnick.

Hata hivyo nakuomba ufanye jambo moja. Chukua kipimo unachompimia Bailey umpimie nacho Webber. Webber akiwa mkuu alikuwa na siri ya uhusiano wake wa zamani na Ellis Grey, mama yake Meredith, na bado akawa mlezi wa Meredith kazini. Izzie alipokata waya wa mashine iliyousaidia moyo wa mgonjwa wake Denny Duquette ili apandishwe kwenye orodha ya wanaongoja moyo mpya, Webber alimrudisha kazini baada ya muda. Katika msimu wa sita alirudia pombe akiwa bado anapasua wagonjwa. Yote hayo tulimsamehe, na hata mimi nilimsamehe, kwa sababu tulimwona kama baba mwenye makosa. Bailey tulimnyima nafasi ya kuwa mama mwenye makosa. Sidhani kwamba hiyo ni haki.

Mhariri, mimi ni muuguzi Dodoma. Tunapotazama hii tamthilia wodini usiku tunabishana: huyu wanayemwita mkuu wa upasuaji ni sawa na mganga mfawidhi wetu? Mbona anafanya kila kitu peke yake? – Muuguzi, Dodoma

Hapana, si sawa, na mmegundua kasoro ya kweli. Mganga mfawidhi anaiongoza hospitali nzima, kuanzia wodi ya wazazi hadi maabara na stoo ya dawa. Mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Marekani anaongoza idara moja, na juu yake wapo watendaji wakuu wa hospitali pamoja na bodi. Kazi yake halisi ni kupanga matumizi ya thieta, kuajiri na kuwasimamia madaktari bingwa wa upasuaji, kuongoza vikao vya kupitia vifo na madhara yaliyotokea baada ya upasuaji, na kujibu kuhusu bajeti ya idara yake. Tamthilia inaonyesha madaktari wa upasuaji tu, ndiyo maana mkuu wao anaonekana kama mkuu wa kila kitu, naye ndiye anayezungumza na waandishi wa habari, anayefunga milango ya hospitali kukiwa na hatari, na anayefukuza watu.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi mtalielewa haraka. Mkuu wa idara anaweza kukuondoa katika hospitali yake, lakini hawezi kukunyang'anya leseni, kwa kuwa leseni iko mikononi mwa chombo cha jimbo, kama ambavyo kwetu daktari huitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika na si mbele ya mganga mfawidhi. Tamthilia yenyewe ililiheshimu jambo hili katika msimu wa 16, pale Meredith alipofikishwa mbele ya chombo cha leseni muda mrefu baada ya kufukuzwa kazi.

Alex Karev alipopewa ukuu wa muda, nyumbani kwetu tulishangilia. Dada yangu akasema tunamshangilia kwa sababu ni mwanaume. Nilikasirika, lakini neno lake limenikaa. Je, ana haki? – Mwanafunzi, Mombasa

Ana haki kiasi, nami nadhani vyema ulivyolitunza neno lake badala ya kulitupa.

Karev alipewa nafasi hiyo katika msimu wa 15, mwaka 2018, na aliyempa ni Bailey mwenyewe, aliyetaka kupunguza mzigo baada ya ugonjwa wa moyo. Sababu ya kwanza ya shangwe ni kwamba hatukutegemea lolote kwake. Tulimjua akiwa kijana mkorofi wa mwaka 2005, na mtu ambaye hukumtarajia chochote akikupa kidogo unaona amekupa kingi. Bailey alikuja na deni la matarajio yetu. Karev alikuja mikono mitupu. Sababu ya pili ni ile aliyoisema dada yako. Mkuu mwanaume akipaza sauti tunasema ana msimamo, mwanamke akipaza sauti ileile tunauliza nyumbani kwake kuna nini. Katika barua nilizonazo mezani, maneno kama "kiburi" na "roho mbaya" yametumika kwa Bailey mara nyingi, na hakuna barua hata moja iliyoyatumia kwa Derek Shepherd au Owen Hunt, ingawa wote wawili walikalia kiti hichohicho na kufanya maamuzi yaliyoumiza watu.

Huyo Derek ndiye mfano ninaoufikiria zaidi. Alikuwa mkuu kwa muda baada ya Webber kuondolewa kwa ajili ya pombe, na katika kipindi hicho aliidhinisha mashine zilizokuwa zikimsaidia mgonjwa mmoja, Alison Clark, zizimwe. Mume wa mgonjwa huyo aliingia hospitalini na bastola katika sehemu za mwisho za msimu wa sita, zilizorushwa tarehe 20 Mei 2010, akimtafuta mtu aliyeidhinisha. Ukuu ulimfuata Derek hadi kwenye daraja la ndani la hospitali na kumwangusha kwa risasi. Mwanzoni mwa msimu uliofuata akaukana, akarudi kupasua ubongo, nasi tukampongeza kwa kujijua. Bailey alipochoka na kuondoka, tulisema amekimbia.

Ila nisikufiche kwamba Bailey alifanya jambo moja ambalo hata anayempenda lazima alitafakari. Mwishoni mwa msimu huohuo wa 15, Meredith alitumia jina la binti yake kwenye bima ili mtoto wa baba mmoja mhamiaji aliyekuwa hana bima apasuliwe. Ulikuwa udanganyifu kisheria, na Meredith alijua hivyo. Karev na Webber nao wakabeba lawama pamoja naye. Bailey aliwafukuza wote watatu siku moja. Mkuu anayeficha udanganyifu wa bima anaweza kuifanya hospitali nzima ipoteze uwezo wa kuhudumia maelfu, hilo naliona. Pia naona kwamba yule mtoto alikuwa amelala kitandani na uvimbe tumboni, na kwamba daktari mmoja tu katika jengo lile ndiye aliyepata njia ya kumsaidia. Nimeitazama sehemu hiyo mara tatu, na kila mara najikuta nimekaa upande mwingine.

Mimi nilikuwa mtazamaji wa House, ile tamthilia nyingine ya hospitali kuhusu daktari aitwaye House. Cuddy, mkuu wa hospitali, alipoondoka na Foreman akawa bosi wa House, niliona tamthilia imekwisha. Nilikosea? – Msomaji, Nairobi

Hukukosea kuona kwamba kitu kimepungua. Lisa Edelstein, aliyemwigiza Cuddy, hakurudi kwa msimu wa nane, kwa hiyo waandishi walilazimika kujaza pengo ambalo hadithi yenyewe haikulidai, na mtazamaji husikia tofauti hiyo hata asipoambiwa. Cuddy alikuwa akimzuia House huku akimpenda, na mvutano huo ulibeba misimu saba. Foreman alikuwa amefanya kazi chini ya House, akijitahidi kwa miaka asifanane naye, na kumfanya yeye awe mkuu wa hospitali mwaka 2011 lilikuwa wazo zuri ambalo halikupewa muda, kwa sababu tamthilia ilimalizika mwezi Mei mwaka 2012. Omar Epps aliicheza nafasi hiyo kwa utulivu mzuri. Irudie sehemu ya pili ya msimu huo, Foreman anapomtoa House gerezani kwa sababu anamhitaji kwa ajili ya mgonjwa, uone jinsi mwanafunzi wa zamani anavyomweka mwalimu wake mbele ya masharti.

Bailey aliacha kazi mwaka 2022 na kumwachia Meredith hospitali ikiwa imeharibika. Mimi ni mfuasi wake wa miaka yote, lakini siku ile aliniangusha. Nisaidie kuelewa. – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Mama, naielewa hasira yako, kwa kuwa sehemu ile ya mwisho ya msimu wa 18, iliyorushwa tarehe 26 Mei 2022 na iliyokuwa ya 400 tangu tamthilia ianze, ilionyesha programu ya mafunzo ikifungwa, madaktari wakitawanyika, na mkuu akikabidhi ofisi kwa mtu ambaye tayari alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango.

Ila rudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Februari 2018 ilirushwa sehemu ambamo Bailey anakwenda mwenyewe katika hospitali nyingine ya Seattle, anasimama mapokezi, anajitambulisha kwa cheo chake, na kusema kwamba anaamini ana shambulio la moyo. Ameingia kwa miguu yake, mkoba begani. Madaktari wanamsikiliza nusu, wanapata historia yake ya msongo na tatizo lake la fikra za kujirudia, wanamletea daktari wa magonjwa ya akili. Mkuu wa upasuaji, mwenye ujuzi wote ule, analazimika kubishana akiwa kitandani ili apimwe ipasavyo, hadi Maggie Pierce, daktari wa upasuaji wa moyo kutoka hospitali yake, alipofika na kumfanyia upasuaji. Dalili za moyo kwa wanawake hupuuzwa mara nyingi zaidi, hilo si la tamthilia peke yake, na wasomaji kadhaa wameniandikia kwamba baada ya kuitazama sehemu ile waliwapeleka mama zao kupimwa.

Kisha likaja janga la korona. Mwezi Desemba mwaka 2020 tulimwona Bailey amevaa barakoa na kinga zote, ameketi kando ya kitanda cha mama yake mzazi katika hospitali anayoiongoza yeye, hana la kuamuru wala dawa ya kuagiza, akamwimbia mpaka mwisho. Kesho yake alirudi ofisini kupanga zamu za wengine. Madaktari waliendelea kupungua, na ule utaratibu wa kuwaacha wanaosomea ubingwa wapasue bila bingwa kusimama kando yao, uliobuniwa na Webber ili kuziba pengo, uliishia kwa mgonjwa kufariki mikononi mwa mmoja wao, Levi Schmitt. Mama, mwanamke uliyemwona akitoka mlangoni mwaka 2022 alikuwa amebeba yote hayo. Kama ningekuwa jirani yake ningemwambia aende akalale.

Ukiendelea na msimu wa 19 utamkuta tena. Meredith alianza upya programu ya mafunzo na kundi jipya la wanafunzi, kisha akahamia Boston, na ukuu ukaenda kwa Teddy Altman, anayeigizwa na Kim Raver. Bailey alirudi bila cheo, akashika kliniki ya afya ya uzazi na kusaidia kufundisha wale vijana wapya, akiwa bado na sauti ileile ya mwaka 2005. Mwishoni mwa msimu huo alipewa tuzo ya Catherine Fox, yenye jina la yuleyule Catherine Avery, na waliosimama kumpigia makofi ukumbini ni pamoja na watu aliowahi kuwafukuza.